Maswali yenu kuhusu mashine ya msasa wa mkanda

Nikipiga msasa uso wa meza, mashine inaacha mabonde. Nikikandamiza ili nisawazishe, yanazidi. Nifanyeje? (Fundi samani, Morogoro)

Huko kukandamiza ndiko kunakochimba. Uzito wa mashine unatosha kula mbao. Mikono yako kazi yake ni kuiongoza. Iwashe ikiwa juu, iteremshe taratibu huku umeshaanza kuisogeza, na ukimaliza inyanyue kwanza ndipo uizime. Mabonde mengi hutokea hapo mwanzo na mwisho, mashine inapotulia mahali pamoja hata kwa sekunde moja tu. Ukingoni, usiache zaidi ya theluthi ya mkanda itoke nje ya ubao, la sivyo mashine itainama na kula kona.

Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli ubao mzima. Pale mistari inapobaki wakati kwingine imefutika ndipo penye bonde, nawe huhitaji kubahatisha. Anza na mkanda namba 80, malizia na 120 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi), ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Namba 60 iwekee mbao zilizopinda au zenye vanishi ya zamani. Plaiwudi usiipige kwa mashine hii: tabaka lake la juu ni jembamba mno, litaisha kabla hujashtuka.

Jioni mgongo unauma na vidole vinakufa ganzi. Ni uzee? (Mombasa)

Sidhani. Meza yako huenda ni fupi. Ubao ukiwa usawa wa nyonga, hutainama. Tanguliza mguu mmoja na utembee na mashine badala ya kunyoosha mikono. Ganzi hutokana na mtetemo, na kadiri unavyokaza mkono ndivyo unavyoupokea zaidi. Legeza mkono, changanya kazi, usipige msasa asubuhi hadi jioni. Ncha za vidole zikianza kuwa nyeupe, au ganzi ikiamka nawe asubuhi, nenda hospitali.

Ubao ulirushwa ukanigonga tumboni. Kwa nini?

Pole sana. Chini ya mashine mkanda hukimbia kuja upande wako, kwa hiyo mashine huvutwa mbele na ubao husukumwa nyuma. Ubane kwa klampu, au pigilia kipande cha mbao mezani nyuma yake, upande uliosimama wewe, kiwe chembamba kuliko ubao wenyewe ili mkanda usikiguse. Waya upitishe begani.

Kitambaa cha kufunga puani kinatosha? (Mwanafunzi wa useremala, Dodoma)

Hakitoshi, na kwa hili nawasihi mafundi wote. Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengi. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana uso vizuri. Ndevu ndefu huipenyezea hewa pembeni. Vaa miwani, na vizibo vya masikio. Mfuko wa vumbi umwage kabla haujajaa, na mbao zilizotumika zing'oe misumari yote kwanza: cheche moja ikiingia mfukoni, moto unaweza kufukuta ndani hadi uwake umeshaondoka. Tena karakana zetu nyingi ziko barabarani, jirani na mama lishe. Angalia upepo unapeleka wapi vumbi lako.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Zima swichi, hakikisha kitufe kinachoishikilia swichi iendelee kuwaka kimeachia, chomoa plagi. Ukiisahau imewaka, umeme ukirudi itakimbia yenyewe mezani kwa kasi, pengine kumfikia mtoto aliyesimama mlangoni. Chomoa vivyo hivyo unapobadilisha mkanda, na mshale ulio ndani ya mkanda uelekee sawa na ule wa kwenye mashine.