Maswali ya Wasomaji: Ford Model T kwenye ringi ya mbio

SWALI: Mhariri habari za kazi, nimeona picha ya gari ya mbio ya Marekani miaka ya 1920, haina madigadi wala milango, imelala chini kabisa, chini ya picha wameandika ni Ford Model T ya kutengenezwa nyumbani. Sasa Model T si ndo ile ya hosipawa 20, spidi kama kilomita 70 kwa saa hivi? Ilishindanaje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hilo swali nalipenda sana. Ndiyo ni yenyewe, ilitengenezwa 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15, kwa hiyo spea zilijaa kila mahali na kijana asiye na hela aliweza kuokota chasisi kuukuu akaanza kazi. Kwanza alivua bodi yote, akashusha chasisi ili gari isipinduke kwenye kona, maana ringi nyingi zilikuwa za vumbi, zile zile za mbio za farasi, na mnazunguka kushoto tu muda wote.

Utamu wenyewe uko kwenye injini. Valvu za Model T, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi, zimekaa pembeni ya silinda so injini inapumua kwa shida, hapo ndo watu walinunua silinda hedi (kile kifuniko cha juu ya injini) ya kufunga juu yenye valvu zake, kama Rajo ya kule Racine, Wisconsin au Frontenac ya kina Chevrolet, yaani Louis Chevrolet mwenyewe ambaye jina lake liko kwenye magari ya mpinzani alikuwa anauza vifaa vya Ford! Mwaka 1923 Ford yenye hedi hiyo ya Frontenac, dereva L.L. Corum, ilimaliza ya 5 kwenye mbio kubwa za Marekani za Indianapolis 500.

Ila ukiongeza spidi oili inakuwa shida, kwa sababu Model T haina pampu ya oili, oili inarushwa rushwa tu na flaiwili (gurudumu zito la injini) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ukiikimbiza sana beringi zinayeyuka. Fundi makini alitoboa krenki njia za oili akafunga pampu, na mimi naona hao ndo mafundi wa kweli kuliko waliokimbilia spidi tu.

Iangalie tena hiyo picha, kama boneti iko wazi na juu ya injini pako bapa, plagi tu zimesimama, hiyo ni hedi ya kiwandani, ukiona roka za valvu (vile vyuma vinavyobonyeza valvu) juu basi ishabadilishwa.