Maandamano: Kupeleka Taarifa Si Kuomba Kibali

SWALI: Sisi ni wakazi wa kijiji kimoja katika kaunti ya Kilifi, ambako njia tunayoshukia baharini imezibwa kwa ukuta. Tulipanga kuandamana hadi ofisi za kaunti ili tuwasilishe malalamiko yetu, na siku tano kabla tulipeleka barua katika kituo cha polisi. Afisa aliyetupokea aliisoma, akaturudishia na kusema kwamba hatuna kibali. Tulipoandamana siku ya Ijumaa, wenzetu wawili walikamatwa na kulala korokoroni hadi Jumatatu. Je, tulivunja sheria? Na mtu asiye na pesa za wakili anaweza kuifikisha serikali mahakamani?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Ndugu msomaji, neno kibali alilolitamka afisa huyo lilikuwa na maana zamani. Hadi mwaka 1997, aliyetaka kuitisha mkutano wa hadhara Kenya alilazimika kupata leseni ya serikali, na kwa njia hiyo waliodai mfumo wa vyama vingi walinyimwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990. Katika marekebisho yaliyopitishwa kabla ya uchaguzi wa 1997, sharti la leseni liliondolewa katika Sheria ya Utulivu wa Umma, na mahali pake pakawekwa taarifa. Sheria ilibadilika, ila katika vituo vingi mazoea yamebaki yale yale.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Anayeomba kibali husubiri jibu, na akinyamaziwa hana lake. Anayetoa taarifa hujulisha tu, kisha huendelea na shughuli yake. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinataka taarifa imfikie mkuu wa kituo si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano, ikitaja jina kamili na anwani ya mwandalizi, njia itakayopitwa, na saa, ambazo ni lazima ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mkuu wa kituo anaweza kukataa iwapo watu wengine wamekwisha kujulisha kwamba watatumia mahali hapo siku na saa hiyo hiyo, na kukataa huko ni lazima kuwe kwa maandishi. Polisi wanaweza pia kuzuia mkusanyiko ikiwa ipo hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjwa kwa amani. Kwa maelezo uliyonipa, sioni lolote kati ya hayo, na siku tano zenu zimo ndani ya muda uliowekwa.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, mradi awe mtulivu na asiye na silaha, na Kifungu cha 24 kinaitwika serikali, wala si ninyi, mzigo wa kuonyesha kwamba kizuizi chochote kina msingi katika sheria na kinafaa katika jamii ya kidemokrasia.

Kuhusu Jumatatu, sitakuficha jambo lisilopendeza. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama hazikai, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata, na ndiyo sababu wanaharakati huichukia sana Ijumaa. Hata hivyo, polisi walikuwa na uwezo wa kuwaachilia kwa dhamana kituoni, na inafaa waulizwe kwa nini hawakufanya hivyo. Malalamiko ya aina hiyo hupokewa na IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi.

Swali la pesa lina jibu jema zaidi. Kifungu cha 22 kinakataza mahakama kutoza ada ya kufungua kesi ya kulinda haki za kimsingi, na kanuni zilizotolewa mwaka 2013 zinairuhusu Mahakama Kuu kupokea hata barua ya kawaida au maelezo ya mdomo, ambayo mahakama yenyewe huyaweka katika maandishi. Mtu anaweza kufungua kesi kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma, na mahakama inaweza kutoa amri ya muda, kutangaza kwamba haki imevunjwa au kuagiza fidia. Wakili ni msaada mkubwa, nami ningewashauri mtafute anayejitolea, lakini kumkosa hakuufungi mlango.

Kwa sasa, itunzeni barua mliyorudishiwa, na waliokuwapo waandike leo, kumbukumbu ingali mbichi, saa mliyofika na maneno mliyoambiwa, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa kwanza wa wenzenu ikiwa wameshtakiwa kwa mkusanyiko usio halali. Mkitaka kuandamana tena, pelekeni nakala mbili, moja irudi kwenu ikiwa na mhuri, na mkisikia tena neno kibali, mwombeni afisa aliandike na kutia sahihi.