Kiangazi kwenye kampuni ya mawakili Marekani: maswali yenu na majibu yetu

Wengi mliotuandikia mnasoma shahada ya sheria (JD) Marekani na mnatafuta nafasi ya kiangazi, ile inayofuata mwaka wa pili.

Je, maombi ni mwezi wa nane, kama nilivyoambiwa?

Usingoje huko. Zamani kampuni zilifika vyuoni Agosti na kumsaili kila mwombaji kwa dakika 20 hivi. Lakini tangu NALP, chama cha kitaifa kinachoshughulikia ajira za wanasheria, kifute masharti yake ya ratiba mwishoni mwa 2018, kampuni kubwa zimezidi kuwahi, na nyingi hupokea maombi mwanafunzi akiwa bado mwaka wa kwanza. Hapo kinachoonekana ni matokeo ya muhula mmoja tu, kwa hiyo muhula huo ndio wa kukaza buti. Wasifu, matokeo na sampuli ya maandishi yako viwe tayari mapema.

Wanalipa?

Ndiyo, na vizuri. Kampuni kubwa za New York hutumia kiwango cha wakili wa mwaka wa kwanza, dola 225,000 kwa mwaka. Kwa wiki ni kama dola 4,300 kabla ya kodi, kwa wiki 10 hivi. Kampuni ndogo hulipa chini ya hapo.

Nina viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa kwa CPT, kibali cha kufanya kazi ya mafunzo ukiwa bado mwanafunzi, ukishamaliza mwaka mzima wa masomo na kazi ikiwa sehemu ya mtaala wako. Peleka barua ya ajira kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, upate I-20 mpya (fomu ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya uanafunzi) yenye jina la kampuni na tarehe. Usianze hata siku moja kabla ya tarehe hiyo, hata kama ni utambulisho tu, maana ukilipwa ni kazi bila kibali. Wiki 10 hazigusi OPT yako, yaani kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu; inayoifuta ni CPT ya muda wote ikifika miezi 12.

Nitapewa memo ya utafiti, yaani maelezo ya maandishi yanayojibu swali la kisheria. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza, kabla hujatoka ofisini kwa wakili aliyekupa kazi. Ni sheria ya jimbo gani, au ya shirikisho? Inatakiwa lini? Anataka kurasa 2 au 15? Nitumie saa ngapi? Namba ya mteja na ya shauri ni zipi? Memo nyingi huharibikia hapa: mwanafunzi anaona haya kuuliza, anatafiti siku tatu jambo ambalo wakili alilihitaji kwa nusu siku.

Muda wa kumtoza mteja huandikwa kwa vipande vya dakika 6, hivyo saa 2 na dakika 24 ni 2.4. Andika siku ile ile.

Jibu likae aya ya kwanza: "Ndiyo, mpangaji anaweza kuvunja mkataba, ila kwa notisi ya siku 30." Sababu zifuate. Kisha kagua kila kesi kwa KeyCite au Shepard's, huduma za mtandaoni zinazoonyesha kama uamuzi bado una nguvu. Ukiona bendera nyekundu, alama ya onyo kwamba uamuzi umetenguliwa angalau kwa hoja moja, usiitupe kesi papo hapo. Soma ujue ni hoja ipi iliyotenguliwa, huenda si hiyo unayoitegemea. Na usinukuu kesi uliyopewa na akili mnemba bila kuifungua mwenyewe. Juni 2023, katika Mata dhidi ya Avianca, jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Mawakili watatu wamenipa kazi kwa pamoja. Nikatae?

Mwambie wa mwisho ukweli: "Nina memo inayotakiwa Alhamisi; yako naweza kuianza Ijumaa, au niwaulize wenzako?" Wao ndio wapange kipi kitangulie. Kuchelewesha kazi zote tatu ni kubaya kuliko kukataa moja.

Sinywi pombe, na kuna chakula cha jioni kila wiki.

Agiza soda. Cha kuchunga ni ulimi: usitaje mteja mgahawani wala kwenye lifti.

Wangapi huajiriwa baadaye?

Kwenye kampuni kubwa, zaidi ya asilimia 90 wamekuwa wakipata ofa miaka ya karibuni. Hata hivyo, omba tathmini kufikia wiki ya tano. Ukiambiwa memo zako ni ndefu, fupisha inayofuata na umpelekee yule yule aliyekwambia.