Kufungulia Qur'ani kwa sauti ndani ya taksi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kila alfajiri napanda taksi, yaani basi dogo la abiria, Bombo kwenda Kampala, na njiani hufungulia Qur'ani kwa spika ya simu. Juzi mama mmoja asiyekuwa Mwislamu aliniomba nipunguze sauti. Nikamjibu kuwa haya ni maneno ya Mungu, siwezi kuyapunguza. Tukajibizana mpaka konda akaingilia. Je, nilikosea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndiyo, ndugu yangu, ulikosea: kwanza kwa sauti, kisha kwa jibu ulilompa.

Abu Said al-Khudri amesimulia, katika mkusanyo wa hadithi wa Sunan Abi Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, akawasikia watu wakisoma kwa sauti. Akafunua pazia, akawaambia kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake kwa siri, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kusoma. Hapo ni msikitini, wasomaji ni Masahaba, kinachosomwa ni Qur'ani yenyewe, na bado walizuiwa. Sembuse taksi ya abiria 14 waliobanana goti kwa goti, ambamo anayeudhika hana pa kuhamia?

Qur'ani nayo ina haki yake. Aya ya 204 ya Sura Al-A'raf inaamrisha kuwa inaposomwa isikilizwe kwa utulivu. Sasa wewe unaifungulia huku konda anaita abiria, mmoja anadai chenji, mwingine yuko kwenye simu. Ni wewe uliyeiweka mahali pa kupuuzwa. Mafakihi wa Kihanafi, yaani wanasheria wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wamelisema hili wazi: anayesoma kwa sauti karibu na mtu aliyeshughulika na kazi yake, asiyeweza kusikiliza, dhambi iko kwa msomaji.

Kiasi cha sauti utakipata katika hadithi ya Sahaba Miqdad iliyomo katika mkusanyo wa Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipoingia usiku alikuwa akitoa salamu ambayo aliye macho huisikia na aliyelala haimwamshi. Salamu ni dua, na hata hiyo aliipimia usingizi wa mwenzake. Taksi ya alfajiri imejaa watu waliosinzia.

Basi tumia visikilizio vya masikioni. Kabla gari halijaondoka, vivue uvishike usawa wa bega lako: ukiweza kumsikia msomaji, jirani naye anamsikia, kwa hiyo punguza. Sikio moja liache wazi, maana aliyefunga yote mawili hamsikii konda anapodai nauli, wala aliye kiti cha nyuma anayeomba njia ashuke, na gari zima linamngoja yeye. Huna visikilizio? Soma ulichohifadhi kwa kutikisa ulimi na midomo, kiasi cha kujisikia mwenyewe. Mawaidha, kaswida na simu za kuongea kwa spika hukumu yake ni hiyo hiyo, na kwa simu ubaya unazidi, kwa sababu unafichua maneno ya mtu wa upande wa pili asiyejua kuwa anasikilizwa na wageni. Redio ya dereva ikikukera, mwombe konda kwa upole. Usishindane nayo kwa simu yako.

Kwamba mama yule si Mwislamu hakumpunguzii haki yake ya abiria. Maimamu wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Usama bin Zayd kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye kikao chenye Waislamu, washirikina na Mayahudi waliochanganyika, akawasalimia. Naogopa kuwa mama huyo aliyasikia kwako maneno ya Mungu siku hiyo kama ugomvi, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi katika swali lako.

Toba yako ina sehemu mbili. Kwa Mwenyezi Mungu, leta istighfari, yaani omba msamaha Wake, na uazimie kutorudia. Kwa mama huyo, istighfari peke yake haitoshi, kwa kuwa ni haki ya mja. Abiria wa alfajiri hukutana tena steji ile ile, ukimwona msogelee, msalimie kwa lugha anayoielewa, umwambie, "Mama, siku ile nilikukosea, naomba unisamehe." Usianze kumweleza kwa nini ulikuwa unasikiliza. Usipompata, muombee kheri.