Mpime Mshauri wa Mitandao ya Kijamii kwa Daftari la Duka Lako

Kila mwezi wa Shaaban unapoingia, vijana wenye simu nzuri na maneno mazuri huanza kupita Mtaa wa Biashara hapa Mombasa na vichochoro vinavyouzunguka, wakiwaahidi wenye maduka kwamba watazikuza kurasa zao za Instagram na Facebook kabla ya Idd. Mimi huuza leso, madera na mabuibui katika eneo hilo, nimewaajiri washauri wa aina hii zaidi ya mara moja, na wafanyabiashara wenzangu huniuliza mara kwa mara kama fedha hizo hurudi. Jibu langu ni kwamba wapo wanaostahili malipo yao yote, ila mwenye duka hawezi kuwatambua ikiwa yeye mwenyewe hajui wateja wake hutoka wapi na kila mmoja humwachia faida gani. Kwa hiyo kazi ya kumpima mshauri huanza katika daftari la duka, wiki kadhaa kabla mshauri huyo hajaitwa.

Daftari hilo halihitaji utaalamu. Kila anayenunua aulizwe kwa upole amelijuaje duka, na jibu liandikwe kando ya kiasi alicholipa: ameletwa na jirani, amepita njia, ameona picha Facebook, au ametumiwa picha na ndugu kupitia WhatsApp. Taarifa za Lipa na M-Pesa zitakuonyesha fedha zilizoingia na saa zilipoingia, lakini hazitakwambia ni nini kilichomleta mteja, na hilo ndilo jambo unalolitafuta. Wanaouza zaidi kwa simu wanaweza kutumia WhatsApp Business, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018, ambayo hukuruhusu kuwawekea wateja lebo kulingana na walikotokea.

Sababu ya kusisitiza daftari ni misimu yetu. Biashara ya nguo Mombasa hupanda katika Ramadhani, hasa kumi la mwisho, hata kama duka halina ukurasa wowote mtandaoni, na wenye nyumba za wageni Nyali na Bamburi huona jambo lilo hilo mwezi wa Desemba. Mshauri aliyeajiriwa Shaaban atakuletea mchoro unaopanda, na mchoro huo utakuwa wa kweli, lakini kilichoupandisha huenda ni Idd yenyewe. Kulinganisha mwezi wa Kizungu na mwezi huohuo wa mwaka uliopita nako hupotosha, kwa kuwa Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka. Idd ul-Fitr ya 2024 iliangukia Aprili 10, na ya 2025 ikaangukia mwishoni mwa Machi. Kwa hiyo Machi ya 2025 ilibeba karibu ununuzi wote wa sikukuu, ilhali Machi ya 2024 iliishia wakati watu ndio kwanza wanaingia kumi la mwisho. Mtu angeweza kusimama mbele yako na takwimu za miezi hiyo miwili, akadai kwamba ameyakuza mauzo, na asiwe amesema uongo hata neno moja. Linganisha Shaaban na Shaaban, Ramadhani na Ramadhani, na umwombe mshauri afanye vivyo hivyo. Mimi hutazama kwa makini sana namna anavyolipokea ombi hilo, kwa sababu mwenye kuijua kazi hulifurahia.

Baada ya hapo huja hesabu ya faida, ambayo wengi huiruka wakatazama mauzo peke yake. Tuseme doti moja ya leso inakuachia faida ya shilingi 200, mshauri anataka shilingi 20,000 kwa mwezi, na matangazo yenyewe yatagharimu shilingi 10,000. Hapo unahitaji kuuza doti 150 zaidi ya zile ambazo ungeuza bila yeye ili urudishe fedha zako tu, kabla hujapata hata senti. Kwa duka dogo la leso idadi hiyo ni nzito. Kwa mwenye kushona nguo za harusi, ambaye kazi moja humwachia faida ya maelfu, wateja wachache wapya wanatosha kumlipa mshauri huyohuyo. Ndiyo maana sifa alizopewa na rafiki yako mwenye biashara ya aina nyingine hazikutoshi kuamua.

Katika mazungumzo ya kwanza mimi husikiliza maswali yake kuliko ahadi zake. Fundi mzuri wa nguo huchukua vipimo kabla ya kushika mkasi, na mshauri mzuri pia hutaka kujua faida yako, mteja wako wa kawaida ni nani, na ni nani atakayejibu ujumbe unaoingia baada ya Isha. Mmoja niliyemwajiri kwa furaha aliniuliza, kabla ya kutaja bei, “Mama, mteja wako wa mwisho alikujaje dukani?” Kisha akakaa karibu na kaunta akasikiliza wateja wanavyouliza, akagundua kwamba wanawake wetu hawanunui leso kwa kutazama rangi, mji na pindo tu, bali huuliza jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, linasemaje. Picha alizopiga zilionyesha jina likisomeka vizuri, na maelezo aliyaandika kwa Kiswahili kinachozungumzwa hapa. Nimeona kurasa nyingine, zilizosimamiwa na watu wenye vifaa bora kuliko vyake, ambapo jina la leso limekatwa nje ya picha na maelezo ni ya Kiingereza. Picha hizo zinapendeza, lakini mteja analazimika kuuliza kitu ambacho angepaswa kukiona, na wengi hawaulizi.

Usikubali kupimiwa kazi kwa idadi ya wafuasi. Wafuasi huuzwa, na ukurasa unaweza kuongezewa maelfu ya watu wasio na nia ya kununua chochote. Instagram humwonyesha mwenye akaunti ya biashara miji na nchi wanakotoka wafuasi wake. Mwombe mshauri akufungulie takwimu hizo za ukurasa anaojivunia, kwenye simu yake, mbele yako. Ikiwa ni duka la Mombasa na wafuasi wake wengi wako nchi ambazo halijawahi kutuma mzigo, umepata jibu. Sisemi kwamba mfuasi wa mbali hana maana, maana wako ndugu zetu Oman, Dubai na Uingereza wanaonunua leso na kutumiwa, lakini hao wataonekana katika daftari. Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba tangu mwaka 2019 Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, imeweka wazi Maktaba ya Matangazo, ambamo mtu yeyote anaweza kuandika jina la ukurasa akaona matangazo unayolipia wakati huo. Mshauri akikwambia kwamba anasimamia matangazo ya hoteli fulani, itafute hoteli hiyo humo, uyasome, na ujiulize kama yangekuvuta wewe.

Kwa upande wa makubaliano, ninalolishikilia kuliko yote ni umiliki. Ukurasa na akaunti ya matangazo vifunguliwe kwa jina lako na namba yako ya simu, udhibiti kamili ubaki kwako, na mshauri apewe ruhusa ya kufanya kazi yake tu, ruhusa ambayo unaweza kuiondoa bila kumwomba. Ada yake itengwe na fedha za matangazo, na fedha za matangazo zilipwe moja kwa moja kwa Meta ili risiti zije kwako. Anayetaka umkabidhi kiasi kimoja cha jumla anakunyima njia ya kujua ni kiasi gani kilitumika kutangaza duka lako, na mimi humwacha aende hata kama ni mtu wa adabu na mwenye kipaji.

Mpe muda pia, kwani haki ni ya pande zote mbili. Kwa miaka mingi mwongozo wa Meta umeeleza kwamba mfumo wake huhitaji takriban matokeo 50, kama vile ujumbe au ununuzi, ndani ya wiki moja ili ujifunze ni nani wa kuonyeshwa tangazo, na kwamba mabadiliko makubwa huurudisha mwanzo. Mwenye duka anayedai tangazo libadilishwe kila asubuhi anaiharibu kazi aliyoilipia. Miezi mitatu, ambayo mmoja wake si wa msimu, hunitosha kuamua.

Kuhusu picha za wateja, hakikisha anaomba ridhaa kabla ya kuzichapisha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hata duka dogo, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Adhabu itakufuata wewe mwenye duka, na katika mji ambao wanawake wengi hawapendi kabisa picha zao zisambae, utapoteza wateja kabla sheria haijakufikia.

Kuna wakati ambapo nawashauri wenzangu wasiajiri mtu yeyote. Ikiwa ujumbe wa WhatsApp hukaa bila kujibiwa hadi kesho yake, ikiwa bei haiandikwi popote na mteja lazima aiombe, au ikiwa bidhaa inayotangazwa haipo dukani, basi kila shilingi ya matangazo itawaleta watu waone upungufu huo. Fedha hizo zimlipe kwanza msichana au kijana mmoja wa kujibu simu jioni, kwa lugha ya heshima, mwenye uwezo wa kupiga picha ya mzigo mpya siku unapofika. Maduka kadhaa ninayoyajua yalifanya hivyo na hayajahitaji mshauri hadi leo. Mengine yalimwita baadaye, kwa kazi moja iliyoandikwa wazi pamoja na tarehe yake ya mwisho, na yalipomalizana naye yalibaki na picha zote, akaunti zao na orodha ya wateja.