Walimu wa mazoezi, mkimweleza mtoto neno la Kiingereza

Wiki hii tena. Mwalimu wa mazoezi, andalio la somo safi, mwandiko wa kupendeza, kawaandikia gredi ya 3 ubaoni kuwa "market" ni "a place of commercial transactions". Watoto wakanakili. Watoto wanaotumwa Marikiti, soko letu hapa Mombasa, kila Jumamosi! Neno lenyewe wanalo mdomoni. Wanangu, nawapenda, lakini hebu tukae chini.

1. Maneno ya kuelezea yawe mepesi kuliko neno linaloelezwa. Mwaka 1953 Michael West alichapa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayomfaa zaidi anayejifunza. Mtoto wa gredi ya 3 hajafika hata huko.

Nilipokuwa mgeni kazini sikulijali hili. Neno lilikuwa "island". Nikafungua kamusi ya wakubwa, nikanakili: "a body of land entirely surrounded by water". Wakaikariri siku tatu. Ijumaa nikawaambia wachore. Msichana wa dawati la mbele akachora mtu, mikono kaitanua, maji yamemfika kiunoni. Nikaona ananifanyia mzaha. Nikamsimamisha, nikauchana ule ukurasa mbele ya wenzake. Hakulia. Aliviokota vipande, akavitia ndani ya daftari.

Jioni tukawa feri moja kwenda Likoni. Kasimama na sare yake, begi kifuani, anatazama maji. Hapo ndipo iliponiingia. Katika sentensi yangu yote alijua maneno mawili: "water", na "body" ya ule wimbo wa viungo vya mwili. Mwili na maji. Alichora nilichomfundisha. Na mtoto huyu alivuka kila asubuhi kuja kisiwani! Ningemuuliza tu kwa nini anapanda feri, na wenzake wa Nyali kwa nini wanapita darajani, neno lingewaingia dakika tano. Jumatatu nilimwomba radhi mbele ya darasa. Hakuinua mkono tena mpaka muhula ukaisha.

2. Elezeni kwa tukio. "When you are thirsty, you want to drink." Yatosha.

3. Jueni Kiswahili chetu kinakata wapi. Mkono wetu waanzia begani mpaka vidoleni; Kiingereza kina "arm" na "hand". Kuazima ndiyo kazi: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja, ndiyo maana kosa la "borrow me a pen" haliishi. Msiandike ubaoni. Waite wawili mbele na kalamu moja: anayetoa aseme "I lend", anayepokea aseme "I borrow", kisha wabadilishane. Rudieni mpaka wachoke.

4. Kitu kikipatikana, kileteni darasani.

Na wewe wa "commercial transactions": kesho futa ubao, uliza nani katumwa Marikiti juzi, na alirudi na nini kikapuni.