Kwa mnaoanza kusoma slaidi za malaria: nukta nyekundu peke yake si mdudu

Wiki hii nimerudia slaidi za vijana wetu wa mazoezi na nimekuta "wadudu" ambao ni uchafu wa rangi. Nawapenda, ndiyo maana nakuja na ukali kidogo.

1. Mdudu ni kiini chekundu na mwili wa buluu, vikiwa pamoja. Mwenye haraka huviunganisha hata vikiwa mbalimbali. Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwamba rangi na umbo hupokelewa kando kando, na ni kwa kutulia kwenye kitu ndipo vinashikana. Mwaka 1982 Treisman na Hilary Schmidt waliwaonyesha watu herufi za rangi kwa kitambo kifupi mno, akili ikiwa imeshikwa na kazi nyingine. Watu wakataja herufi yenye rangi ya jirani yake. Ndivyo inavyokuwa saa nane mchana, foleni imefika mlangoni.

2. Chuja Giemsa, ile rangi ya kutia kwenye slaidi, isiache uchafu. Bafa, yaani maji ya kuichanganyia, iwe pH 7.2.

3. Chembe za kugandisha damu. Nilipokuwa mgeni kazini nilisoma damu iliyopakwa nyembamba ya mtoto mwenye homa, nikaona pete, umbo la mdudu mchanga, ndani ya chembe nyekundu. Sikugusa skrubu ndogo ya kulenga darubini, wala tone nene la damu yake sikulitazama. Nikaandika malaria. Mtoto akapewa dawa, akarudishwa homa ikiwa palepale, anahema kwa shida: nimonia. Msimamizi akairudisha slaidi chini ya lenzi. "Zungusha, mwanangu." Nikazungusha, chembe nyekundu ikakaa sawa, "mdudu" akafifia. Nikazungusha tena, mdudu akakaa sawa, chembe ikafifia. Vilikuwa vitu viwili: chembe ya kugandisha damu imelala juu ya chembe nyekundu. Mtoto alipona, lakini mateso ya siku zile niliyasababisha mimi, na mama yake aliniamini.

4. Wengine hukosea kwa upande wa pili: wasipoona pete kamili, wanaandika hasi. Kwenye tone nene pete hukatika, ikawa kama koma au alama ya mshangao. Wazoefu humjua mdudu mzima mzima, kama umjuavyo ndugu yako kwa mwendo. Msiwaige upesi wao bado. Tazama fildi 100 kwanza, yaani maeneo 100 ya slaidi chini ya lenzi, ndipo uandike hasi.

5. Ukiwapata wadudu, wahesabu pamoja na chembe nyeupe, hadi chembe nyeupe zifike 200. Wadudu wasipofika 100, endelea hadi 500.

Na ukiwa na shaka niite, hata nikiwa kwenye chai. Afadhali niitwe kutazama uchafu mara 10.